Wendelini Mbawala na Spika Aliyoibeba Mchana Kweupe

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mlioko jikoni, ninyi mnaopukuchua mahindi, nanyi mlioko njiani kwenda Namtumbo, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi. Jina lake Wendelini Mbawala, wa Lizaboni, hapahapa Songea mjini. Aliuawa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, jua likiwaka, kwa mawe na vipande vya matofali. Walisema ni mwizi. Hakuwa mwizi. Shikeni hilo moja, maana tutalirudia.

Mambo haya ametusimulia mke wake, Devota, anayeitwa Mama Adela. Alisimulia huku akimenya mihogo, na kisu hakikusimama hata mara moja.

Wendelini alizaliwa Madaba. Alipokuwa na miaka tisa alichomoa spika kwenye redio ya baba yake, akaunga waya mrefu, akaipeleka jikoni ili mama yake naye asikie. Mama alisikia taarifa ya habari mbele ya mafiga kwa mara ya kwanza. Baba aliporudi alishika mnyororo wa baiskeli. Alimchapa mtoto mpaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikavunjika. Kidole kile kilipona kimepinda. Kwa kidole hichohicho kilichopinda, wasikilizaji wapendwa, Wendelini alibana nyaya maisha yake yote.

Alipokuwa mtu mzima akawa fundi wa ampi, yaani ile mashine inayoikuza sauti kabla haijafika kwenye spika. Hakuwa na makuu. Ampi zake zilikuwa za chipu moja, kidude cheusi chenye miguu mitano, kidogo kama punje ya muhindi wa kuchoma. Unaunga vitu vichache, unaibana kwenye kipande cha sufuria chakavu ili ipoe, unaweka betri ya sola, basi, nyumba inaimba. Alisema hata asiyejua kitu anaweza. Na kweli alimfundisha Devota, ambaye alikuwa na miaka arobaini na minne na hajawahi kushika hata bisibisi.

Lakini alikuwa na sharti lake. Hajengi ampi kabla hajaijua spika. Spika zina uzito wake, si wa kilo bali wa umeme, nyingine nyepesi, nyingine nzito, na mafundi huupima kwa mita, kile kipimo kidogo cha umeme. Ukiifunga chipu kwenye spika isiyolingana nayo, chipu inaungua. Wendelini alimwambia mkewe, "Spika ndiyo bibi harusi, Mama Adela. Ampi ni gauni. Fundi gani anashona gauni bila kumpima bibi harusi?"

Devota alimjibu kwamba yeye mwenyewe aliolewa na gauni la kuazima na halikupasuka.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Bibi Halima, mama mmoja mjane wa Mjimwema, alikuwa na spika mbili za mbao alizoachiwa na marehemu mumewe. Radi ilikuwa imechoma mashine yake. Akamwomba Wendelini amjengee ampi ya kuzifaa spika zile. Siku hiyo ya Jumanne Bibi Halima alikuwa amekwenda msibani Namtumbo. Alimwachia fundi ufunguo. Majirani aliwaaga wote, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni mzee Aloyce, wa nyumba inayofuata. Walikuwa wamenuniana kwa sababu ya kuku waliokula mchicha. Kwa hiyo hakumuaga. Hakumwambia kwamba fundi atakuja.

Na wiki ileile mtaani walikuwa wameibiwa televisheni mbili.

Wendelini angeweza kupima spika hukohuko na kurudi mikono mitupu. Mita inaingia mfukoni. Lakini asubuhi ile Devota alikuwa ameishika mita, anapima ampi yake ya kwanza kabisa, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Wendelini alinyoosha mkono kuichukua, kisha akaurudisha.

"Endelea nayo," alisema. "Spika nitaileta hapa mezani."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho Devota aliyoyasikia kwake.

Huko Mjimwema alifungua nyumba kwa ufunguo aliopewa, akafunga spika moja kwenye kibebeo cha baiskeli kwa mpira. Moja tu, ya pili aliiacha ndani. Alipotoka getini, mzee Aloyce alimwona. Hakumjua. Akapiga ukelele wa mwizi. Mzee Aloyce ana sauti, watu wa Mjimwema wanaijua; huita ng'ombe wake kutoka ng'ambo ya mto. Watu walitoka mashambani na majembe yao. Waliotoka dukani waliokota matofali. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. La pili liliangusha baiskeli. Wendelini aliilalia spika isivunjike, na wao wakaona ndiyo ushahidi, mwizi hataki kuachia mali. Wakampiga akiwa ameikumbatia. Mama mmoja aliyekuwepo anasema Wendelini alirudia neno moja mpaka meno yakamjaa mdomoni. Alisema, "Ulizeni. Ulizeni kwanza."

Hakuna aliyeuliza.

Polisi walikamata wawili. Wengine walikimbia. Spika ile yenye damu iko kituoni kama kielelezo cha kesi, mpaka leo. Mzee Aloyce aliachiwa, kwa kuwa mkono wake haukugusa mtu.

Msibani, Joachim, mdogo wa marehemu, alikaa uani akinoa panga mbele ya waombolezaji. Hakuficha. Alisema shingo ya Aloyce itakuwa tanga la kaka yake. Devota alisimama, akamnyang'anya panga lile, akaliweka chini ya mkeka wake, akalikalia. Alilikalia siku tatu. Waliokuja kumpa pole hawakujua amekalia nini.

Lakini kilichomuuma si panga. Wapo waliomshika mkono huku macho yanazunguka nyumba, yanahesabu vitu. Hii redio ya nani? Hii spika imetoka wapi? Alisikia mwanamke mmoja akinong'ona kwamba kumbe ndiyo maana mafundi hawakosi vyombo. Wendelini alikuwa ameshazikwa, na bado walikuwa wanampiga. Devota akaona kwamba mumewe atabaki mwizi mpaka kiama, naye atabaki mke wa mwizi, asipofanya jambo.

Siku ya tisa, saa sita mchana, alichukua panga chini ya mkeka, akaenda Mjimwema.

Mzee Aloyce alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani kwake. Alikuwa amekonda. Alipomwona alimtambua, akafungua kifungo cha shati shingoni.

"Ingia, mama," alisema. "Mlango haujafungwa."

Devota alinyanyua panga. Akalishusha kwenye mwimo wa mlango. Akalitoa, akalishusha tena. Mara ya tatu likang'ang'ania kwenye mti, akaliacha humohumo. Alama zile zipo, wasikilizaji wapendwa. Mzee hajaziziba.

Kisha akamwambia, "Hukumpiga. Ulimuua kwa sauti. Siku ya arobaini utakuja kwangu, mbele ya watu, useme ulichofanya kwa sauti ileile."

Mzee Aloyce alijibu kwamba tangu siku ile sauti imemtoka. Hata ng'ombe hamsikii. Na kweli alisema hayo kwa kunong'ona.

"Nitakujengea," alisema Devota.

Akarudi nyumbani, akakaa kwenye meza ya Wendelini. Chipu alizoacha marehemu zilikuwa mbili. Akaunga ya kwanza kama alivyofundishwa. Kwa hasira na haraka akaifunga kwenye spika ya gari iliyokuwa chini ya meza, bila kupima. Ilikoroma kama mtu aliyekabwa, ikatoa moshi, ikapasuka, paa! Kipande kikamchoma shavuni, nalo kovu lipo. Alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Anasema alimsikia Wendelini waziwazi akimuuliza habari za bibi harusi.

Imebaki chipu moja. Moja tu.

Akachukua mita, akaenda kwa Bibi Halima. Mama yule alipomwona alianguka miguuni pake, akisema Mwenyezi Mungu anisamehe, kuku wameniponza. Devota alimwinua. Alipima spika iliyobaki. Ilikuwa nyepesi, ya kufaa kabisa. Kisha wakaibeba wawili kuipeleka Lizaboni. Bibi Halima alitangulia, na kila nyumba alisimama akatamka, "Spika yangu hiyo. Nimempa mwenyewe." Nyumba ya kwanza aliyosimama ilikuwa ya mzee Aloyce. Walipofika, Devota akaiunga chipu ya mwisho kwa kipimo cha spika ile.

Siku ya arobaini, baada ya misa, uwanja ulijaa. Kipaza sauti kiliazimwa kwa wanakwaya. Joachim alisimama nyuma, mikono kifuani. Ampi ilikaa kwenye kiti cha marehemu, spika pembeni yake. Mzee Aloyce akasogea. Midomo yake ilitikisika tu, lakini spika ikatoa sauti mpaka barabarani, na wapita njia wakasimama.

"Nilipiga ukelele wa mwizi," alisema. "Sikuuliza. Wendelini hakuwa mwizi. Mwenye kosa ni mimi."

Devota akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia tena, akarudia mara ya tatu, kama mapanga matatu ya mlangoni. Joachim akashusha mikono, akatoka, akaenda nyuma ya nyumba, na huko watu walimsikia akilia.

Devota hakuwa akimtazama yeyote. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kile kipande cha sufuria kinachopoza chipu. Kilikuwa na joto la kadiri, kama mgongo wa mtu aliyelala. Hakikuunguza. Gauni lilikuwa limekaa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Adela, kwa Adela mwenyewe, kwa Joachim na ukoo wote wa Mbawala, tunawapa pole. Ndugu yenu hakuwa mwizi. Tumelisema hewani, na hewani halifutiki.

Nasi tuliobaki, tusiseme sisi hatukuwepo. Kila mtaa una ukelele wake unaosubiri mtu wa kuupiga. Ukiona mgeni amebeba kitu cha jirani yako, muulize anatoka wapi. Ukisafiri, muage hata yule mliyenuniana naye. Na sasa, kabla hatujaenda kwenye matangazo, zimeni kila kinachopiga kelele hapo mlipo, tukae kimya dakika moja. Kimya hiki ndicho alichoomba Wendelini akiwa chini ya matofali: nafasi ya mtu kuuliza.