Kumuaga Vumilia Maduhu, Mvunja Kifungu cha Saba

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Bi. Vumilia Maduhu, ambaye Shinyanga nzima inamwita Mama Edson, anatimiza miaka sitini ya umri, na tangu aanze uwakala wa bima imepita miaka ishirini na sita. Kampuni inasema amestaafu. Haya, na tuseme amestaafu. Sisi mawakala wenzake tumeamua kumuaga kwa pilau na kuku wa kienyeji, na mimi Mwahija nimepewa kuandika wasifu kwa sababu, wanavyodai, mdomo wangu hauna breki. Jarida la kampuni lilitaka wasifu huu ukatwe nusu. Hatukuukata, ndiyo maana unausoma kwenye karatasi ya ratiba, umepangwa baada ya sala na kabla ya chakula.

Mama Edson alizaliwa kwa wakulima wa pamba karibu na Mhunze, wilayani Kishapu. Alianza maisha ya kazi akiwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipofunga milango, wenzake walirudi shamba, yeye akajiunga na kampuni yetu ya bima, wakati ambao huku kwetu bima ilikuwa ni stika ya kumwonyesha trafiki basi. Alijinunulia pikipiki, akajifunza mwenyewe kuiendesha, na ndivyo tulivyomzoea: kitenge kimefungwa barabara, kofia ngumu kichwani, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, umening'inia kwenye usukani. Amefika Ushetu kwa wakulima wa tumbaku, amefika Geita kwa wenye maduka, amefika hata mahali ambapo pikipiki ilimshinda akaiacha kwa watu na kuendelea kwa miguu.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na tulimcheka sana kwayo. Siku ya kwanza hauzi. Anafika, anasalimia, mwangaluka ya asubuhi hapa, mwadila ya jioni pale, anauliza habari za ng'ombe, za wagonjwa, za mvua, anakula alichopewa, anaondoka. Mwisho wa mwezi meneja anapiga kelele kuhusu malengo, mwenzetu anatafuna michembe. Alikuwa akituambia kwamba mtu haingii kwa watu bila kuletwa. Na kweli, ukifika vijiji vyetu na begi lako, swali la kwanza hawakuulizi unauza nini. Wanakuuliza, "Umeletwa na nani?" Ukikosa jina la kutaja, utapewa maji ya kunywa na njia ya kurudia.

Kule Kishapu kuna mfugaji alilikatia bima dume lake la mbegu. Dume likafa. Mzee yule alifunga safari mpaka ofisini, akaiweka karatasi ya bima mezani kwa masikitiko na kumwambia Mama Edson kwamba dawa yake haikufanya kazi. Kumbe alidhani ng'ombe mwenye bima hafi! Sisi tulikimbilia nje kwenda kucheka. Mama Edson hakucheka. Alimkalisha, akamweleza, akamsimamia madai yake mpaka akalipwa, na baada ya hapo kijiji kizima kikawa chake. Picha yake ya Wakala Bora ilitundikwa ofisi ya kanda, na nasikia ipo hadi leo. Wameshindwa tu kuipandia ngazi waishushe.

Sasa nifike kwenye lile ambalo jarida halikulitaka. Mkataba wetu una kifungu cha saba. Kinasema wakala hatauza, hatatangaza, wala hatamtambulisha mteja kwa kampuni nyingine yoyote ya bima, na akifanya hivyo mkataba unakufa pamoja na kiinua mgongo chake. Wenyewe tunakiita kifungu cha ndoa. Wewe wakala una mume mmoja tu mpaka kufa, ila mume ana wake mia tatu, na bidhaa asiyokuwa nayo ndani huruhusiwi kumwelekeza mtu kwa jirani.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa mvua, Mama Edson aliitwa Mwakitolyo na Mayala, kiongozi wa duara moja, yaani shimo la dhahabu pamoja na watu wake. Pikipiki ya Mayala ilikuwa na bima yetu. Aliuliza kitu kimoja: kama pikipiki ina bima, mbona watu wanaoshuka chini kwa kamba hawana? Lilikuwa swali la haki kabisa. Kampuni yetu haikuwa na bima ya wachimbaji wadogo. Kampuni nyingine, yenye ofisi Mwanza, ilikuwa nayo. Mchimbaji akifa au akivunjika, familia inalipwa. Wakala wao, Donatus, Mama Edson alimfahamu kutoka kwenye semina na alijua ni mtu mkweli.

Donatus alikuwa ameshajaribu kufika pale mwenyewe. Alishuka kwenye gari na tai yake shingoni, akaanza kueleza bima kabla hajamaliza kusalimia. Wakamuuliza ameletwa na nani. Akajibu ameletwa na kampuni. Jamani! Kwa watu walioachwa na matapeli wangapi wa madini wenye tai kama ile? Walimpa maji, wakamwonyesha njia. Kisha wakatuma ujumbe kwa Mama Edson: kama mtu huyu ni wako, mlete tumsikilize.

Kumleta tu. Hakutakiwa kuuza wala kusaini chochote. Alitakiwa asimame naye kwenye mdomo wa duara, asalimie, aseme huyu namjua. Alimpigia meneja kuomba ruhusa hiyo, na meneja akamsomea kifungu cha saba kwenye simu, neno kwa neno, akakaza sauti alipofika kwenye kumtambulisha mteja. Akamkumbusha pia kwamba amebakiza muda mfupi kustaafu. Hapo ndipo aliposhikwa. Mumewe, Mzee Maduhu, ana ugonjwa wa figo na kila wiki anapelekwa Mwanza kusafishwa damu, na kiinua mgongo kile kilikuwa ndilo tegemeo lao lote. Ni nani kati yetu angeweza kumhukumu? Mimi siwezi. Aliandika makao makuu kuomba kibali, na akawaambia Mwakitolyo wavute subira kidogo.

Wakavuta. Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hawakumkataa Donatus wala hawakuikataa bima. Kila alipopita mtu kuwauliza, walijibu kwamba wanamngoja Mama. Makao makuu hawakujibu. Mwezi Machi mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo, ardhi ikalainika, na asubuhi moja duara likatitia na watu wanne ndani. Mayala alikuwa mmoja wao. Waliokuwa juu walichimba kwa mikono na majembe, na walipowafikia ilikuwa ni kwa ajili ya kuzika tu.

Mama Edson alikaa msibani siku zote za matanga. Alilala kwenye mkeka na kina mama, akachota maji, akaosha masufuria. Mwenye duara alitoa majeneza na gunia la mahindi, akapotea. Mbuke, mjane wa Mayala, ni mwanamke ambaye zamani alikuwa akimwona Mama Edson kwa mbali anaanza kupiga goti na shikamoo yake. Siku ya maziko alimtazama usoni, akampita kama unavyopitwa mti. Shikamoo ile haikutoka siku hiyo na haijatoka tena. Mama Edson alirudi mjini akawa anakaa ofisini tu, michembe inashika vumbi kwenye mfuko.

Msimu wa kiangazi Mbuke alitokea ofisini kwetu. Siku hizi anaponda mawe kulekule Mwakitolyo, kwenye magwangala, mabaki ambayo wenye nguvu wameshayapekua, na mikono yake ilionyesha hivyo. Aliingia bila hodi, akakataa kiti, akakataa maji. Hakumwamkia mtu. Alisimama mbele ya meza ya Mama Edson akasema, "Yule mgeni wako, mlete. Walio chini sasa hivi nao wana wake zao." Akatoka. Ofisi nzima tulibaki tumeinamisha vichwa.

Mama Edson alinyanyuka, akaikung'uta kofia yake. Alimpigia meneja kwanza, kwa sababu si mtu wa kupita uani, akamwambia kwamba kesho anavunja kifungu cha saba na wasihangaike kumtafutia mashahidi. Halafu akampigia Donatus, akamwamuru aache tai nyumbani. Kesho yake walisimama pamoja Mwakitolyo. Walisalimia duara baada ya duara, mwangaluka mpaka ikawa mwadila, bila kuuza kitu. Siku ya pili akasema maneno manne tu, "Huyu nimemleta mimi, msikilizeni." Walimsikiliza. Leo maduara mengi ya pale wachimbaji wake wana bima, na wengine wanaulizia kutoka hadi upande wa Geita. Tangu wakati huo mmoja ameshafariki chini, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mke wake hajalazimika kuponda mawe.

Barua ya kampuni haikuchelewa hata kidogo. Wale walioshindwa kujibu ombi la kibali msimu mzima wa mvua, safari hii wahudumu wao wa posta walikimbia! Mkataba umevunjwa, kiinua mgongo hakipo. Baadaye, ili isionekane vibaya kwa wateja, wakaanza kusema amestaafu. Pikipiki ameiuza. Safari za Mwanza za Mzee Maduhu sasa zinakwenda kwa michango yetu na ya watu wa Mwakitolyo, na kuna wiki michango haikutosha, Mzee akalala nyumbani akiwa amevimba miguu. Siandiki haya ili tulie kabla ya pilau. Naandika kwa sababu tukisema tu kwamba alikuwa mchapakazi hodari, tutakuwa tumesema uongo mbele ya mtu mzima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni akizuiliwa mlangoni na karatasi inakuwaje. Mama Edson mwenyewe hatafuti sifa kwa alichofanya. Nilipomsomea wasifu huu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema niandike waziwazi kwamba alichelewa. Nimeandika. Nimeandika pia, bila ruhusa yake, kwamba sisi wengine tuliokuwa na mkataba uleule hatukwenda kabisa.

Jambo moja katika ratiba ya leo limeongezwa jana. Mbuke ametuma ujumbe kwamba atakuja, na ameomba kazi moja tu: yeye ndiye atakayeshika birika na kumnawisha Mama Edson mikono kabla ya kula. Hakusema kama atamwamkia. Mama Edson ametukataza kumuuliza, na mimi nawaomba nyote, wakati huo ukifika, tafadhali msipige makofi wala vigelegele.

Mama Edson, wabeja sana, tunakushukuru kwa niaba ya mawakala wote na ya watu ambao hukuwahi kuwauzia chochote. Mungu ampe Mzee Maduhu nafuu, na wewe akupe usingizi, maana tunajua huna. Pumzika sasa, utembee, usalimie watu bila kufukuzwa na malengo ya mwezi. Na popote utakapobisha hodi wakakuuliza umeletwa na nani, waambie umeletwa na sisi.

Mwahija Abdulwahab, kwa niaba ya mawakala wenzako, Shinyanga.