Tinga Hana Uvivu

Kwenye feri ya Likoni, Bi Fairuz alijikuta karibu na watu wawili wasiojuana, nao tayari walikuwa wakibishana. Katana, mwanamume wa makamo, alikuwa akimsengenya ndugu yake, Tinga. Tangu apate mshtuko wa moyo, hali, halali, hushinda chumbani akilia. "Na moyo ushapona! Huo sasa ni uvivu," akasema, akacheka peke yake.

Yule wa pili, mama mwenye kapu, alimtazama kama aliyeuziwa samaki aliyeoza. "Daktari ulimwambia kuwa analia?"

"Mambo ya kike hayo, mama. Nitayasemaje kliniki?"

"Loo! Kusema waona haya, kuzika huoni! Mume wangu alikuwa hivyo hivyo, nasi tukamcheka. Kumbe majonzi yalimfanya aache dawa, hadi tukamzika. Majonzi nayo hutibiwa, bwana, yakisemwa."

Bi Fairuz aliinama. Asubuhi ile alikuwa amemwambia mumewe, aliyetoka hospitali juzi tu alikotibiwa moyo, aache kujidekeza.

"Na hizo dawa," mama akauliza, "una hakika anazimeza?"

Katana alifungua kinywa, lakini lango la feri lilishuka, umati ukamsomba kabla hajajibu. Bi Fairuz naye alitoa simu, akampigia mumewe kumuuliza kama amemeza dawa.