Fundi Bahasha na Gitaa Lililonyamaza

Ilipoulizwa kwenye chai ya saa nne nani amwandikie Mzee Bahasha maneno ya kuagana katika jarida letu, wote walinigeukia mimi: gitaa alilolitengeneza liko sebuleni kwangu. Basi nianze inavyopasa. Fundi mkuu wa umeme wa kiwanda chetu cha uchapaji anastaafu Ijumaa hii, tarehe 12, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Siku ya kwanza aliingia na bisibisi ya kuazima. Kwa taarifa ya wanaouliza kila mwaka, mwenye bisibisi alirudishiwa.

Jina la Bahasha alipewa kwa haki. Kila anachokitoa kwenye mashine, iwe skrubu, waya au kipande cha kadi, hukitia kwenye bahasha zetu zilizoharibika uchapaji, akaandika juu tarehe na sababu ya kukitoa. Hatupi kitu. Kabati lake lina bahasha nyingi kuliko posta. Kanuni yake ya pili ni kali zaidi: mashine irudi kama ilivyotengenezwa, bila nyongeza ya mtu. Kwa kanuni hizo mbili mtambo mkubwa haujawahi kulala msimu wa vitabu vya shule, na tangu awe mkuu, miaka kumi na tisa sasa, hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyerushwa na umeme.

Aliyeumia na kanuni ya pili ni Mama Mikunjo wa mashine ya kukunjia karatasi. Mashine yake hutikisika, naye huituliza kwa soli ya kandambili chini ya mguu mmoja. Kila mwaka fundi akija kuikagua, huitoa soli, huitia kwenye bahasha, na humwachia hotuba. Akigeuka tu, Mama Mikunjo anaweka nyingine. Anasema nyumbani kwake watu sasa wanatembea na mguu mmoja wa kandambili.

Sasa gitaa. Mume wangu (neno hilo bado linanifanya nitabasamu peke yangu mezani pa kujalidi vitabu) alinunua gitaa la besi la umeme lenye umri mkubwa kuliko sisi wote wawili. Aliuziwa na fundi viatu ambaye marehemu kaka yake alilipiga kwenye bendi. Huyo kaka hakuliacha alivyolikuta. Alilipaka rangi ya buluu ya milango, akachimba shimo kwenye mbao na kutia kinasa sauti cha pili, kile kidude kinachopokea mtetemo wa nyuzi, kisha akakiunganisha na swichi ya taa ya mezani. Shingo ilikuwa imepinda, gitaa lilivuma kama friji, na ukigusa nyuzi na amplifaya kwa pamoja lilikutekenya mpaka begani. Lakini ukibonyeza ile swichi ya taa, lilitoa sauti nzito yenye mkwaruzo, kama mtu anayecheka kwa kifua. Kwa sauti hiyo mpenzi wangu alitunga wimbo wa kuniingiza ukumbini siku ya harusi yetu. Alinionjesha mwanzo wake tu, nikalia mpaka nikaona aibu.

Zikiwa zimebaki wiki tano, nililipeleka gitaa kwa Mzee, nikihofia kuwa mjane kabla sijawa mke. Alilifanyia kazi saa zake zote za mapumziko. Aliinyoosha shingo, akabadilisha nyaya, akaiondoa buluu kwa msasa mpaka ikatokea mbao yenye rangi ya asali. Kinasa cha pili alikitoa. Shimo aliliziba kwa ustadi hata kidole hakikulitambua. Siku kumi na moja kabla ya harusi alilikabidhi, na karakana nzima ikapiga makofi.

Mpenzi wangu alishukuru sana, akapiga mwanzo wa ule wimbo, akashukuru tena. Mimi nilikuwa navitazama vidole vyake, kwa hiyo sikusikia kasoro yoyote. Mzee alisikia. Kesho yake aliniuliza kwa upole kwa nini mwenzangu hakuumaliza ule wimbo. Nikashindwa kumficha. Mpenzi wangu alikuwa ameniambia kwamba sauti sasa ni safi kabisa, ila wimbo haumo tena; kwamba atatafuta mwingine, na nisithubutu kumsumbua mtu mzima mara ya pili.

Hakujitetea, wala hakutaja wiki zake. Alinituma nilirudishe gitaa, akafungua kabati, akatoa bahasha yenye kile kinasa, aliyokuwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe: nyongeza ya mtu, haihitajiki. Aliisoma mara mbili.

"Nimelinyoosha mpaka nimelinyamazisha, mwanangu," alisema, kisha akachukua patasi na kukitoboa kile kiraka chake kizuri.

Haikuwa rahisi. Kile kinasa kiliporudishwa kilikuwa bubu. Waya wake, mwembamba kama unywele, ulikuwa umekatika. Mzee aliazima kioo cha kukuzia herufi kutoka kwa wasahihishaji, akapatafuta ulipokatika kwa siku nne, akapaunga. Tulikula chakula cha mchana kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mgonjwa. Siku mbili kabla ya harusi alibonyeza ile swichi ya taa, na karakana ikasikia kicheko. Umeme haukumtekenya mtu tena.

Basi nikaingia ukumbini na wimbo wangu, wote, mpaka mwisho. Jinsi mume wangu alivyoinua macho kutoka kwenye nyuzi na kunitazama, hiyo siiandiki kwenye jarida la wafanyakazi. Mzee alikaa kiti cha mwisho, karibu na soketi. Watu wakitazama shela, yeye alitazama waya.

Jumatatu iliyofuata alimwendea Mama Mikunjo na bahasha tisa, akazipanga mezani na kumwomba achague. Mama alichagua ya tatu, akidai hiyo ndiyo kandambili ya shemeji yake iliyotafutwa nyumba nzima. Fundi aliibandika kwa gundi chini ya mashine, na kwenye kitabu chake, ukurasa wa vipuri, ameandika: soli ya kandambili, isitolewe.

Asante, Mzee wetu, kwa miaka thelathini na minne ya kuturudisha nyumbani tukiwa wazima. Tunakuombea siku za polepole, afya, na mashine chache za kukagua. Mama yetu, mkeo, hakuweza kuja harusini kwa sababu ya mguu wake uliovunjika, na wimbo hajausikia. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi, mume wangu na gitaa. Tuandalie soketi tu.