Aliyezaliwa Kwenye Jiwe la Mpaka

Reuben, keti. Na wewe Hester, sogea, sauti yangu leo haifiki mbali. Nisikilizeni wanangu, wala asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha neno hili tu.

Reuben, juzi nilikusikia uani ukimwambia dada yako, "Subiri mzee afe, utarudi huko ulikookotwa." Ni kweli aliokotwa. Sasa usikie na aliyemwokota alikuwa amefanya nini.

Ilikuwa Februari, miaka thelathini na moja iliyopita. Mwanamke mgeni alishikwa na uchungu kwenye zizi la kondoo hapa Harcombe. Sheria mnaijua: mtoto akizaliwa ndani ya parokia, parokia ndiyo itakayomlisha. Msimamizi wa maskini akaniita nije na mkokoteni wangu wa farasi. "Mvushe jiwe la mpaka kabla hajajifungua, Pell, la sivyo huyo ni mzigo wetu." Nikampakia. Njia nzima alining'ang'ania koti: "Kaka, nishushe popote, siwezi tena." Sikumshusha.

Kwenye jiwe tukawakuta wanaume wa Wendle, parokia ya pili, wamesimama na marungu.

"Mrudishe kwenu!"

"Jiwe hilo hapo, ameshavuka!"

"Kichwa kimevuka, miguu bado iko kwenu!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, wanangu. Naye akajifungua kwenye tope, ameegemea lile jiwe, sisi tukibishana, hakuna aliyethubutu kumgusa asije akaambiwa ni mzigo wake. Tulipokuja kunyamaza, alikuwa ameshakufa. Mtoto analia. Nikamfunga kwenye koti nikamletea mama yenu, na miaka yote hii nikawaacha watu waniite mwema.

Sasa shika hili, Reuben. Nyumba na kondoo ni vyako. Shamba la bondeni, kutoka kijitoni hadi kwenye jiwe, ni la Hester, wakili ameshaandika. Ukimpunguzia hata hatua moja, usikanyage kaburini kwangu. Na lile jiwe asiling'oe mtu akalifanye nguzo ya lango.

Hester, usinijibu. Ukishindwa kunisamehe, ni haki yako, usinivalie nyeusi... Hapana, maji sitaki, acha nimalize. Njiani siku ile nilimwuliza mama aliyekuzaa jina lake, akanitajia. Halafu nikaapa mbele ya kasisi kwamba silijui, nikiogopa ndugu zake wasije wakauliza. Akazikwa hivyo hivyo, bila jina.

Mungu akulinde, Reuben mwanangu, akulainishe moyo. Na wewe akulinde... sogea, sogea zaidi... Hester, binti Thirza. Thirza Lovell... wa Nettlebourne. Nenda kawaulize.