Papa Germain na Motoka Yenye Haikubali Kusukumwa

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Papa Germain Kalenga anamaliza miaka thelathini na moja ya kuendesha motoka ya wagonjwa ya kituo chetu cha afya hapa Panda, Likasi. Aliingia mwaka wa 1994, kijana mwenye shingo nyembamba na suruali ya kuazima. Anatoka akiwa muzee. Suruali sasa ni yake, shingo imebaki vile vile.

Sherehe iko tayari. Mbuzi amefungwa nyuma ya jiko na anapiga kelele kama muntu mwenye ameshapewa habari. Shida ni moja tu: mwenye sherehe amesema hatakuja. Alimuambia Docteur Nicolas, mukubwa wa kituo, kwamba asifanyiwe kitu, ataacha vitu vyake kwa mulinzi na kurudi nyumbani. Ndiyo sababu gazeti hili la wafanyakazi, lenye kila mara linaandikwa na watu wa ofisi, safari hii nimelichukua minye, Kambo Berthe, bibi wa kila muntu hapa, mupishi wa wagonjwa. Darasani sikuingia hata siku moja. Ninasema, mujukulu wangu Jessy anaandika, na nimemukataza kunisafishia maneno. Papa Germain alinikuta jikoni siku alipoanza kazi, na ataniacha jikoni. Kazi yake naijua. Aibu yake pia naijua, kwa sababu kile anachokiita kosa lake kiliangukia nyumba yangu.

Tuanze na kazi.

Motoka ya kwanza aliyopewa ilikuwa Land Cruiser ya mafuta, nyeupe kwa jina tu. Tuliiita Tantine, maana ilikuwa inakohoa na kununa kama shangazi mwenye kukosewa heshima. Démarreur yake, ile mashine ya kuwashia, ilikufa zamani sana na haikupata mwenzake. Tangu hapo Tantine ilikuwa inawaka kwa kusukumwa. Papa Germain anakaa kwenye usukani, anaweka vitesse, gia ya pili, watu wanasukuma, anaachia embrayage, ile klachi ya mguuni, Tantine inaruka na kutoa moshi mweusi, wagonjwa wanasema asante Yezu. Hapa Panda muntu akiona Tantine imesimama, haulizi kuna nini. Anatua mzigo wake, anaweka mikono. Siku moja bibi harusi, Jenny, alishuka katikati ya msafara wake na kusukuma na gauni lake jeupe, sababu ndani kulikuwa mutoto mwenye degedege. Kiganja chake kilibaki kimechorwa kwenye vumbi la mulango wa nyuma. Papa Germain alikataa kukiosha mpaka mvua ilipokiosha.

Tabia yake nyingine ilikuwa kuzima. Motoka ikisimama, anazima. Kwenye barrière ya barabarani anazima. Kwenye mutelemko anazima na kuacha Tantine iteleze yenyewe, yeye anapiga mluzi. Miaka ile mafuta tulikuwa tunayapata kwa chupa, na kila chupa aliyoiokoa ilikuwa muzazi mwingine atakayefika salama. Kuiwasha tena haikuwa shida, mikono iko. Mutaona ni kwa nini ninayasema haya.

Alibeba watu wakati wa kipindupindu, wakati madereva wengine walikuwa wanajificha. Alibeba wachimbaji wa Kamatanda wenye udongo uliwaangukia, wazima na wengine, na wale wengine aliwaendesha polepole zaidi. Watoto wamezaliwa mule ndani. Kuna wasichana wanaoitwa Germaine kila upande wa Panda, na mvulana mmoja mama yake alimuita Diesel. Padri alikunja uso, lakini alimubatiza.

Mwaka jana, kabla ya mvua, wafadhili walituletea motoka mupya, ya umeme. Haina moshi, haina sauti, iko na kioo kikubwa mbele kama televisheni. Padri aliibariki, pasta naye akaja kuiombea, kila mumoja upande wake. Tantine iliuzwa kwa Rolly wa Kapolowe, mwenye kubeba mahindi. Papa Germain alikuwa amekwenda kujifunza Lubumbashi, akarudi akitembea kama bwana harusi. Motoka ile alikuwa anaipangusa na kitambaa chake cha mfukoni. Minye nilimuuliza mbele ya watu wote.

"Germain, hii motoka ni ya nani?"

"Ni ya kituo, Mama."

"Na ufunguo yake iko wapi?"

"Haina ufunguo. Ufunguo iko mu telefone."

"Na telefone inajuaje kama ni weye?"

Akacheka, na watu wakacheka naye. "Mama, weye unaogopaka hata friji."

"Friji haiyaniuliza jina hata siku moja," nikamujibu.

Tuliendelea hivyo miezi yote. Alikuwa anakuja na motoka ile mpaka mulango wa jiko bila kusikika, mimi nageuka na mwiko mkononi, sufuria nusura inimwagikie. Nilimuambia kwamba mwizi pia hana kelele. Yeye anacheka, anakaa, anakula ugali wetu wa bukari na majani ya sombe, anasema wakati ujao atafunga kengele kama ya mbuzi.

Watu wanafikiri Kambo Berthe anachukia vitu vya kisasa. Hapana. Taa ya jua yenye iko juu ya jiko langu naipenda, ninaipangusa minye mwenyewe. Lakini nimeona mambo. Papy, mwalimu wa kwaya yetu, alinunua nyimbo kwenye telefone. Telefone ikaanguka ndani ya ndoo, akapata nyingine, nyimbo zikamukataa, kwamba hazimujui. Televisheni ya mulinzi inaonyesha picha mwezi huu, mwezi ujao inaonyesha maandishi ya kumufukuza, na televisheni ni yake, alikuja nayo kichwani kutoka sokoni. Kwangu, kitu changu ni kile ninaweza kukifungua kikiharibika, kumuazima jirani, kukiacha kwa watoto nikifa. Kile chenye kinangoja ruhusa ya muntu wa mbali kila asubuhi si changu. Nimewekewa tu nikilishe.

Sasa nifike pale.

Providence alikuwa mujukulu wangu, dada mukubwa wa huyu Jessy anayeandika. Alikuwa ameolewa Kapolowe. Mwezi wa tatu wa mwaka huu, mimba yake ilikuwa imefika, damu ikaanza kutoka kabla ya uchungu. Wakapiga simu kituoni. Papa Germain akaenda na mukunga wetu, Mama Dominique, na walifika haraka kuliko Tantine ingefika siku zake nzuri. Hilo ninalisema, sababu ni kweli. Wakamulaza vizuri, wakaanza kurudi.

Katika bonde moja kati ya Kapolowe na Likasi, kamio, lori kubwa la madini, ilikuwa imelala barabarani. Magari yote yakasimama. Papa Germain naye akasimama, na akazima. Betri ilikuwa imebaki nusu, mbele kuna mulima. Hakuwaza kitu. Mukono ulizima kama ulivyozima miaka yake yote.

Walipofungua njia, akataka kuwasha. Motoka ikaandika kwenye kioo kwamba inatafuta ruhusa ya mwenyewe, tafadhali ngoja. Ruhusa ile inakuja na réseau, mtandao wa simu, na katika bonde lile réseau haifiki. Mama Dominique akapanda juu ya kichuguu na telefone yake, kisha na telefone ya Papa Germain, akazinyanyua juu kama muntu anayetungika nguo. Hakuna kitu. Kioo kikaendelea kusema tafadhali.

Hapo watu wakaja. Mulifikiri hawatakuja? Wanawake wakatoka kwenye mahindi, madereva wakaacha magari yao yakinguruma, wapita njia wakatua baiskeli zenye mizigo. Motoka ya wagonjwa imesimama, basi mikono ikawekwa. Wakasukuma. Magurudumu yalikuwa yamefungwa kutoka ndani, motoka haikusogea. Wakasema ni matope, wakachimbua matope. Wakasema ni uzito, wakaitana wengine. Wakaimba ule wimbo wa kusukuma. Papa Germain mwenyewe alishuka, akaweka bega. Magari yenye yalikuwa yanatembea yalikuwa pale, yanawaka, milango wazi, na wenyewe walikuwa nyuma ya motoka yenye haitembei, wanasukuma. Hakuna hata mumoja alikuwa mubaya. Kila mumoja alifanya kile tulichokifanya tangu zamani, na nguvu zote, na wakati wote ule Providence alikuwa anatoka damu.

Mama Dominique aliniambia kwamba Providence alimuita dereva mara moja tu.

"Papa Germain, tumefika?"

"Bado kidogo, mama," akamujibu, kifua kwenye mulango.

Mutoto alizaliwa pale pale, mikononi mwa Mama Dominique, akalia. Ni wakati ule mwanamuke mumoja wa shambani alipiga kelele kwamba waache chuma, wabebe muntu. Wakambeba, wakamupandisha kwenye kamio ya makala, mkaa wa kupikia. Providence alikufa juu ya magunia, nyumba za kwanza za Likasi zikiwa zinaonekana. Tulimuosha vizuri. Makala ilikataa kutoka chini ya kucha zake. Tukamuzika nayo.

Kesho yake vijana wakatoka Lubumbashi na mashine ya kuleta réseau. Motoka ikaamka mara moja, taa zote. Haikuwa na kidonda hata kimoja. Walitueleza kwamba haikuharibika, ilikuwa inajilinda na wezi, na ilijilinda vizuri. Docteur Nicolas alipopiga simu kwa wale wa mbali wenye kutoa ruhusa, mashine ikamujibu achague lugha. Siku zilizofuata ujumbe ukafika: wanashukuru kwa uvumilivu wetu.

Sasa tunafika kwa yule asiyetaka sherehe. Kuna sauti humu kituoni, kwenye kisima, kwenye magasin ya dawa. Georges, mwenye kutunza dawa, alisema mbele yangu kwamba dereva angeacha inawaka, mutoto wa watu angekuwa muzima. Wengine wanasema ni uzee, kwamba mukono wa mafuta haukufaa kupewa umeme. Papa Germain amesikia. Vibaya zaidi, amekubali. Kwenye matanga alisimama nje ya lupango, nje ya ua wetu, mpaka watu wakatawanyika, hakuingia. Tangu siku ile hajala jikoni kwangu. Anapita njia ya nyuma, kwenye mifereji, muzee mwenye viatu vilivyopigwa rangi.

Basi Georges, na wengine wote, musikie, maana minye ndiye niliyezika. Mukono ule ulizima kwa sababu ulitulinda kwa kuzima. Kwa chupa ulizookoa, wengi wenu munaonong'ona mulizaliwa. Hata weye Georges, mama yako alifika hapa ndani ya Tantine, nilimupikia uji. Muntu akizima motoka na kutaka kuiwasha tena, hajafanya kosa. Kosa ni la kitu chenye hakijui kutofautisha mwizi na muzazi, na la yule aliyekifunga kwa kamba ndefu kisha akatupatia kama zawadi.

Watoto wangu Clovis na Éphraïm wanachimba Kamatanda. Wanasema mawe yenye kuingia ndani ya betri, kwenye tumbo la motoka kama ile, yanatoka huku kwetu. Labda ni wao waliyapandisha, na migongo yao. Mawe yalitoka hapa bila kuuliza muntu ruhusa. Yamerudi na kufuli, na sisi ndio tunaulizwa sisi ni nani.

Sikusema haya kwa kumufurahisha Germain. Providence harudi. Kuna asubuhi ninaamka nikiwa na hasira ya kula watu, na siku zingine hasira ile ilikuwa inatafuta jina, na jina la Germain lilikuwa karibu. Nililiangalia. Nikaona muzee ameweka bega kwenye chuma, analia, anasukuma. Nikaliacha.

Docteur Nicolas ameuliza tumupe zawadi gani. Walitaja saa, walitaja telefone. Nilisema telefone wamupe mbuzi.

Papa Germain, sasa naacha kusema na watu, nasema na weye. Jessy atakusomea haya mulangoni kwako, sababu najua gazeti hutalifungua. Kituo kinakushukuru kwa miaka yako. Jiko linakushukuru, na wale wenye hawawezi tena kusema asante, minye nashukuru kwa niaba yao, Providence akiwa wa kwanza. Mulinzi hatapokea vitu vyako, nimemukataza. Tunakuombea miguu mizuri ya uzeeni, usingizi, na shamba lako lizae mahindi yenye wezi hawayaoni.

Ijumaa asubuhi, Rolly wa Kapolowe ataleta Tantine mbele ya nyumba yako. Ametuazima siku nzima. Ataizima pale na kushuka, usukani amesema hataugusa tena, na unajua mwenyewe démarreur yake bado ni maiti. Tutakuja wote kuisukuma mpaka kituoni: wapishi, wakunga, Jenny ameshasema anakuja, Georges atasukuma nyuma kabisa pale moshi unatokea. Minye sitasukuma, mikono yangu itakuwa na mutoto. Anaitwa Elikia. Miezi mitatu sasa, na weye hujamuona tangu siku aliyolia mbele yako. Nitakaa naye kwenye kiti cha mbele.

Lakini sisi wote hatujui kuachia embrayage. Ile motoka tukiisukuma bila muntu kwenye usukani, itatuingiza kwenye mufereji, minye na mutoto. Kwa hiyo fanya unavyotaka, Germain. Sisi tutakuwa tumeshaweka mikono.