Chakula cha Mbwa wa Mama Owor

Benchi la Hajarah liko upande wa Uganda, lakini ukinyoosha miguu sana viatu vyako vinaingia Kenya. Kahawa yake ina tangawizi na haina sukari, maana sukari imebaki kuwa habari ya redioni. Kahawa yenyewe inatoka wapi, hakuna anayeuliza. Wateja wa kila siku ni wawili. Kuna Nasuru, aliyekuwa na lori mpaka matairi yakakosekana nchini. Tulimwita Waziri, mawaziri wa kweli walipoanza kupotea tukamshusha cheo, sasa ni Tanboi, utingo wa lori lisilokuwepo. Na kuna Egau, tunayemwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia ofisi ya daktari wa mifugo kule Tororo. Siku moja alikuja Aboth, mama yake Owor, na mbwa wake wanne, mbavu nje. Askari wa rodi bloku, kile kizuizi cha barabarani, walikuwa wakiwatupia mifupa, na hiyo haikuwa huruma. Mtaani kwetu mbwa wakibweka jioni, mwenye sababu ya kukimbia huruka mtaro wa mpakani, akawa Kenya. Mbwa anayeshibishwa na askari habweki. Wiki iliyotangulia askari walimchukua Badiru, fundi wa baiskeli, jirani yake, na mbwa wa Aboth waliwapokea kwa mikia. Sasa Owor, mwalimu aliyecheka hotuba fulani mbele ya watu, alikuwa akilala na viatu miguuni.

— Niambieni, akasema Aboth. Nitawapa nini hawa, washibe kwangu kuliko kule? Nyumbani kuna muhogo tu.

— Wafunge! akasema Nasuru. Sisi nafunga, wao ni nani? Haba na haba hujaza kibaba.

— Mbwa akifunga kwake, Mzee, atafuturu rodi bloku, akasema Hajarah.

Egau akakohoa kitabibu.

— Kule Tororo mzungu yetu alikuwa na mbwa sita. Alikuwa napa hao vitamini. Chakula ya mkebe. Mkebe yenyewe iko na picha ya mbwa nacheka.

— Na mkebe unapatikana wapi?

— Ulaya.

— Basi wangu wangoje ndege.

— Ama upe hao maganda ya muhogo, mbichi. Maganda iko na nguvu.

— Nilikuwa na mbwa watano, Daktari, akasema Aboth. Huyo wa tano alikula maganda ya muhogo mchungu. Ni wewe ulinishauri.

Egau akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mimi sasa nasema, akadakia Nasuru. Mbwa haina kipande, haina pasipoti. Asubuhi navuka, nakula mabaki kwa hoteli ya Wakenya, jioni narudi Uganda kubweka.

— Wewe ungerudi? akauliza Hajarah.

— Mbwa hafi maji akiona ufuko, akajibu Nasuru, na kama hilo ni jibu sijui swali lake lilikuwa lipi.

— Machicha ya busaa! Egau akapiga paja. Mlevi haogopi serikali. Mbwa mlevi nabweka mpaka Nairobi nasikia.

— Mlevi pia hulala, nikasema.

— Wewe msomi, kaa na kitabu yako.

Nasuru akasimama kabisa, mkono hewani, kama enzi za uwaziri.

— Tufundishe hao kukataa! Tunatia pilipili kwa mfupa, mtu anavaa kofia ya askari, anatupa. Mbwa naungua mdomo. Siku tatu tu, akiona kofia, nabweka!

— Na kofia ya askari?

— Ya kuiba.

— Nani ataiba?

Wanaume wote wawili wakageuka kutazama Kenya.

Hajarah akaweka birika chini kwa kishindo.

— Nyinyi mnaongea, na chakula kinamwagwa. Kaka yangu Jamilu anachinja kila asubuhi. Damu kwetu ni haramu, kwa hiyo inaingia shimoni. Nyama wakubwa wameichukua, matumbo wadogo wamechukua, damu hakuna aliyeitamani. Ichemshe mpaka igande, koroga na pumba za mahindi. Ongeza vumbi la mukene, yale makombo ya dagaa yanayobaki gunia likikung'utwa. Mbwa ale hiyo kisha aende kutafuta mfupa mkavu? Kwa nini?

Aboth alikuwa amekwisha kuelewa, lakini uso haukufunguka.

— Machinjio yako ng'ambo ya rodi bloku, dada. Mwanamke akipita pale na debe, wanataka debe, kisha wanataka mwanamke.

Tukamtazama Nasuru. Yeye hupita pale kila asubuhi kwa baiskeli, akitoka msikitini.

— Mimi? Debe ya damu? Chakula ya mbwa? Wallahi, mcheza na mbwa huingia naye msikitini!

— Hiyo ni methali ya watoto watundu, Mzee.

Aboth hakumbembeleza. Alisema tu:

— Badiru alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe.

Nasuru akasogea kidogo, kama mtu aliyekalia kiti chenye mwenyewe. Akanywa kahawa yake mpaka machicha.

— Pahali mbwa imelamba, tunaosha mara saba, moja na udongo. Sabuni wametunyima. Udongo bado hawajatunyima. Lete debe.

Basi akawa analipitisha. Askari wakifunua kifuniko, nzi wakiwarukia usoni, wanaziba pua na kumwambia apite upesi. Baada ya wiki mbili mbavu zilikuwa zimeingia ndani, manyoya yanateleza, na rodi bloku mifupa ilikuwa imelala chini, kazi ya siafu.

Kisha jioni moja tukawasikia, wote wanne. Waliofika kwa Aboth walikuta kitanda cha Owor kina joto bado. Owor alikuwa Kenya.

Asubuhi yake mgeni akaja benchini. Suruali ya bugaluu, pana chini, viatu vya kisigino, miwani myeusi siku ya mawingu, mavazi ya makachero. Akakaa bila salamu.

— Mbwa ya nani hii?

— Wangu, akasema Aboth.

— Ine! Watu Uganda nalala njaa, wewe nalisha mbwa ine mpaka nang'ara. Serikali imemaliza wezi, redio nasema. Sasa hii mbwa nabwekea nani?

Egau akachungulia ndani ya kikombe. Nasuru akatafuta methali na, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaikosa.

Yule mtu akacheka. Akafungua kipande cha gazeti, kulikuwa na nyama choma ndani, akamtupia dume kubwa linaloitwa Bwana Shauri. Ningependa kuandika kwamba mbwa alikataa. Hakukataa, mbwa si shehe. Aliila yote, akalamba na gazeti. Mgeni akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyekwisha shinda kesi.

Bwana Shauri akajilamba pua. Akarudi miguuni pa Aboth, akageuka, akambwekea yule mtu mpaka mate yakaruka. Wenzake watatu wakadakia.

— Nyamazisha hii mbwa! Mama! Nyamazisha!

Aboth akanyoosha kikombe chake. Hajarah akakijaza. Hakuna aliyewanyamazisha.