Mama Hulda Aliyetuchagulia Watu wa Kujibu
Na Phinées Kitsa, ofisi ya Butembo

Baada ya miaka kumi na moja ya kazi, Mama Hulda Kahongya anastaafu tarehe 30 mwezi huu wa sita. Umri wake wa kupumzika haujafika, na kila msomaji wa jarida hili anajua sababu. Mwanawe Abdias alikwenda kuvuna kakao upande wa Mbau mwezi wa pili. Waasi walipita huko siku hiyo, naye hajarudi hadi leo.

Mama Hulda aliingia kwetu wakati jamii yetu ya mtandaoni, Nani Amemwona, ilikuwa bado changa. Familia za Beni na Butembo ziliweka humo picha za watu wao waliopotea, na barua pepe zilianza kumiminika. Tulihitaji wajitolea wa kuzijibu. Yeye, aliyekuwa mwalimu, akapewa kazi ya kuwachagua. Tulidhani ataangalia nani anaandika haraka kwenye kompyuta.

Hakuangalia hilo kabisa. Mtu aliyeomba kazi alitumwa kwanza kukaa kwenye kilio cha familia asiyoijua, kisha arudi kueleza alisema nini huko. Wenye maneno mengi walipewa chai na kuagwa vizuri. Kijana mmoja wa chuo kikuu alimjibu mama wa kijiji cha Kipese kwa kurasa mbili za Kifaransa safi, wakati mama aliuliza tu kama mume wake yuko kwenye orodha ya wagonjwa. Hulda alimrudishia karatasi zake akisema, “Ule mama atamaliza kuvuna viazi mbele ya kumaliza kusoma hii discours, hii hotuba yako.” Tulicheka wiki nzima, na kijana mwenyewe alicheka kuliko sisi. Kwa ukali wa kuchagua hakuwa na mpinzani. Hata mpwa wa mchungaji wake alikataliwa, na Jumapili iliyofuata Hulda alikwenda kanisani kama kawaida.

Kosa kubwa tulilifanya hata hivyo, na lazima lisemwe hapa kwa sababu ndilo lililotupa sheria yetu. Mama mmoja wa Mbau alikuwa anamtafuta mwanawe Kakule. Mjitolea wetu Lévi akaona habari kwamba kijana Kakule, mzaliwa wa Mbau, yuko miongoni mwa waliokimbia vita huko Mavivi. Kwetu jina hilo hupewa mvulana kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa, na karibu kila familia ina Kakule wake. Lévi anajua hilo tangu utotoni. Lakini naye alikuwa anamtafuta kaka yake, na furaha ilimzidi. Akaandika: amepatikana.

Yule mama alipanda pikipiki hadi Mavivi, amebeba kuku na shati la mwanawe. Akamkuta mtoto wa mwingine. Hulda, aliyemfuata huko, alitusimulia kwamba mama hakulia wala hakugomba. Alimpa kijana, aliyekuwa kifua wazi, lile shati na kumwambia, “Vaa tu, mutoto. Hapana kukaa wazi.” Kisha akarudi nyumbani na kuku wake.

Tangu siku hiyo, anayetafuta mtu wake hajibu barua za wengine. Lévi aliondolewa kwenye barua akilia, na Hulda alilia naye. Hadi leo Lévi ndiye anayetengeneza kompyuta zetu, na hakuna anayemtupia lawama.

Abdias alipopotea, Hulda alifika ofisini kesho yake asubuhi na kumkabidhi mwenzetu Mariette maneno yote ya siri ya sanduku la barua pepe. Tulimsihi. Tulimwambia sheria aliitunga yeye, anaweza kuilegeza. Akajibu, “Hapana. Nikiona jina ya Abdias kwa barua ya mwingine, nitajibu roho yangu, sitajibu ule mama.” Akakaa miezi hii yote akimfundisha Mariette namna ya kuchagua watu, bila kufungua barua hata moja. Kumtazama kulitushinda. Mimi nilikuwa natoka nje.

Wiki iliyopita barua yake ilifika kama barua ya mtu yeyote: “Natafuta mutoto wangu Abdias. Alienda kuvuna kakao karibu na Mbau. Alivaa shati ya kijani. Mama yake, Hulda.” Ilikuwa zamu ya Mariette kuchagua wa kuijibu. Kila aliyeombwa alikataa. Mwishowe Mariette aliijibu mwenyewe: “Mama, barua yako imefika. Abdias hatujamupata. Hakuna mutu mwenye ametuambia alimuona. Tunaendelea kumutafuta.”

Jibu la Hulda lilikuja kabla ya jua kuzama: “Aksanti, Mariette. Umejibu muzuri. Hapana kuongeza kitu.”

Mama Hulda, asante kwa kazi yako, kwa ukali wako na kwa chai yako. Tulitamani kukuaga na habari ya mwanao, na hatunayo. Hilo linatuuma sana. Tunakutakia afya na miaka mingi, itoshe hadi siku Abdias atakapoingia mlangoni kwako.